Kazi Iliyoachwa Katikati

Masomo: Ezra 3:8–13, Hagai 1:1–15, Luka 14:28–30



Wako Wakristo miongoni mwetu ambao, kazi ya juma ikiisha, hupenda kushika spana. Si mafundi wa kulipwa. Mtu hununua motokari kuukuu, akaiweka chini ya mti uani mwake, na kila Jumamosi huifungua na kuitengeneza kwa furaha ya mikono tu. Jambo hili si baya. Martin Luther naye alikuwa na kazi za namna hiyo. Mwaka 1527 alimwandikia rafiki yake Wenceslaus Link, aliyekuwa Nuremberg, akimwomba zana za kukereza miti, maana yeye na Wolf mtumishi wake walikuwa wakijifunza kazi hiyo; hata akafanya mzaha akitaka zana ziwezazo kukereza zenyewe Wolf akisinzia. Bwana Mungu ndiye aliyetupa akili na viungo, kama tujifunzavyo katika Katekisimo Ndogo, wala hachukizwi tukivifurahia.

Lakini furaha hii huweza kufa, nasi twaona mara nyingi jinsi inavyokufa. Jumamosi moja mtu asema amechoka. Ya pili asema mvua. Ya tatu hasemi neno. Motokari yakaa juu ya mawe, magurudumu yamefunguliwa, kuku wataga chini ya kiti. Mwenyewe akipita hugeuza uso upande wa pili, kana kwamba anadaiwa. Je, neno la Mungu lina shauri kwa mtu huyu? Naam, linalo, maana ugonjwa wake ni wa kale.

Watu wa Yuda waliporudi kutoka Babeli waliweka msingi wa nyumba ya Bwana kwa tarumbeta na kelele za shangwe. Kisha kazi ikakoma. Ikalala miaka kama 16, hata mwaka wa pili wa Dario mfalme wa Uajemi, ndio mwaka 520 kabla ya Kristo. Tuziangalie sababu.

Ya kwanza, adui waliidhoofisha mikono yao. Kwa fundi wa Jumamosi, adui huwa kitu kidogo: bolti moja iliyoshikwa na kutu, ikakatika ndani ya chuma, na kazi ya saa moja ikawa kazi ya siku tatu. Mtu hakushindwa na motokari nzima; alishindwa na bolti moja. Ya pili, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia walipouona msingi wa hii. Ndivyo afanyavyo mtu atazamaye picha za motokari za wengine zinazong'aa, kisha akaitazama yake. Kulinganisha huiba furaha upesi kuliko mwizi wa usiku. Ya tatu ni ile aliyoitaja Bwana Yesu, ya mtu aanzaye mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Wengi hufungua injini, breki na milango yote katika juma moja. Kumbe kufungua ni rahisi kuliko kufunga.

Mwishowe watu wa Yuda wakajifariji wakisema kwamba wakati haujafika. Hawakusema, Tumeacha. Nasi hatusemi hivyo. Twasema, Masika yakiisha. Lakini kitu kilichoachwa hakikai kama kilivyoachwa. Chukueni mfano wa Land Rover, motokari iliyoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948. Bodi ya zile za zamani ni ya aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya vita. Kwa hiyo mtu akiitazama kwa nje huiona nzima, haina kutu. Bali chasisi yake, iibebayo yote, ni ya chuma chenye uwazi ndani. Maji na matope hukaa humo, nayo huliwa toka ndani mahali pasipoonekana. Petroli ya zamani huganda kama utomvu katika kabureta, na pistoni zisizoendeshwa hushikamana na silinda. Ndivyo ulivyo moyo wa mtu. Uso ni mzima, salamu ni zile zile, naye huketi kanisani mahali pake. Kumbe ndani kutu inakula.

Hapa, ndugu, ndipo penye jambo zito. Motokari si hekalu, wala sisemi kwamba Mungu atamhukumu mtu kwa gari lililolala juu ya mawe. Lakini ulizeni, Ni nini kilichokoma pamoja na ile kazi? Mara nyingi palikuwa na mtoto aliyekuja kila Jumamosi kushika taa na kumpa baba yake nati. Saa ile alimwuliza baba maswali asiyoweza kumwuliza mezani. Baba alipoacha kwenda chini ya mti, hakumwita tena mtoto, wala mtoto hakujua kama amekosa nini. Mama naye huona fedha zilizokwenda, na kimya kilichobaki mahali pake. Gari si kitu; laweza kununuliwa jingine. Saa ya mtoto hainunuliwi. Na mtu aliyezoea kuikwepa kazi moja kwa aibu hujifunza kuzikwepa na nyingine, hata sala.

Basi Bwana alilitengenezaje jambo la Wayahudi? Kwanza, kwa kinywa cha Hagai aliwaambia wazitafakari njia zao. Hakuwaruhusu kugeuza uso. Pili, aliwapa kazi ndogo ya kuanzia: wapande mlimani, walete miti. Hakusema wamalize nyumba siku hiyo. Nawe, ndugu, usiseme, Jumamosi hii nitaitengeneza motokari. Sema, Nitasafisha kabureta, nami nitakomea hapo. Zitie bolti katika makopo, uandike juu yake zilikotoka, ili ukirudi usianze kwa kutafuta. Tatu, aliwaahidi ya kuwa yeye yu pamoja nao, akaiamsha roho ya Zerubabeli, na ya Yoshua kuhani mkuu, na ya watu wote. Angalieni, bidii ile haikutoka kwao, waliamshwa. Hagai alinena siku ya kwanza ya mwezi wa sita, na siku ya 24 ya mwezi huo watu walikuwa kazini. Nyumba ikamalizika mwaka wa sita wa Dario, ndio mwaka 515 kabla ya Kristo.

Lakini huenda mtu, akiisha kutafakari kweli, akaona kwamba imempasa kuiacha. Fedha ni za karo, au mgongo umechoka, au furaha ilikuwa ya wakati wake nayo imepita. Mtu huyo na aiuze bila haya kwa mwingine mwenye hamu nayo. Hakuweka nadhiri mbele ya madhabahu; alichukua kazi ya kumpumzisha, na kisichompumzisha tena hakimfungi. Afadhali kuacha waziwazi mbele ya mke na watoto kuliko kudaiwa kimyakimya na mti wa uani. Ila asimwache mtoto pamoja na gari. Na amtafutie saa nyingine, hata kama ni ya kupalilia migomba.

Nanyi waalimu wa sharika, nina neno kwenu. Mkimwona mtu wa namna hii, msianze kwa kumkaripia kwa uvivu. Aliyelala chini ya gari hawezi kushika spana na taa kwa mkono mmoja. Nendeni Jumamosi moja mkamshikie taa. Mkae naye saa moja, hata msipojua bolti iendako. Mara nyingi mtu hakuishiwa na hamu. Aliishiwa na mwenziwe. Na ikiwa ameanza kufanya kazi hiyo Jumapili asubuhi ili aifidie, mwambieni kwa upole kwamba siku ya Bwana si ya kulipia deni, bali ni ya kupokea.

Maana mwisho wa neno letu ni huu. Hatusimami mbele za Mungu kwa kazi tulizozimaliza. Kama ndivyo, nani angesimama? Kila mmoja wetu ana mti wake, na chini yake kitu kilicholala. Lakini Mtume Paulo awaandikia Wafilipi kwamba Mungu aliyeianza kazi njema ndani yao ataitimiza hata siku ya Kristo. Yeye alihesabu gharama kabla ya kuanza, akailipa yote msalabani, wala hageuzi uso apitapo penye kazi yake. Mtu ajuaye hayo aweza kurudi chini ya mti bila hofu, akachukua spana moja, na kumwita mwanawe alete taa.

Amina.