Aliyejitolea Hadai?

Sentensi inayonikosesha usingizi ilisemwa na katibu wa kwaya yetu, kwaya ya usharika mmoja huku milimani Pare Kusini, mbele ya kikao cha kamati: "Mama, wewe hukuajiriwa, ulijitolea. Aliyejitolea hadai."

Aliyeambiwa hivyo ni mama ambaye ameimba sauti ya pili tangu mimi sijaota ndevu. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda Arusha kurekodi albamu. Mwalimu akaendesha usaili, kila mmoja akaimba peke yake kando ya kinanda, na orodha iliposomwa jina la mama halikuwemo. Sauti inatetemeka, walisema, na maikrofoni ya studio haifichi mtetemo. Nafasi yake wakapewa mabinti wawili wa kukodi kutoka mjini, wakalipwa nauli na posho. Sare mpya, kitenge cha kijani chenye mshono wa dhahabu shingoni, mama alikwisha kuilipia. Hata kinanda kilichotumika kumpima kilinunuliwa kwa michango yetu, na mchango wake ulitoka kwenye tangawizi: aliipalilia, akaing'oa, akaikung'uta udongo, akaibeba kichwani hadi gulioni, na Jumapili akaleta noti zilizokunjwa kwenye kona ya khanga.

Kwenye kikao hakudai fedha. Aliuliza mambo mawili tu: kwa nini hakuambiwa mapema, na je, Jumapili aendelee kusimama kwenye safu ya pili au akakae na wazee? Hapo ndipo katibu akatoa sentensi yake, na wajumbe wengine wakaguna kukubali, kana kwamba imenukuliwa kutoka Mithali.

Kujitolea ni nini? Kamusi zinakubaliana: ni kufanya kazi kwa hiari bila kutaka ujira. Sina ugomvi nazo. Haki je? Ni kumpa kila mtu anachostahili. Wanasheria wa Roma walisema hivyo, na mtoto wa darasa la tatu anayegawiwa kipande kidogo cha muwa anasema hivyo pia. Tuendelee.

Zipo hoja za haki dhidi yangu, nami nazikubali upesi. Ni kweli sauti huzeeka. Ni kweli pia kwamba mwalimu wa kwaya lazima awe na mamlaka ya kuchagua, la sivyo hana kwaya ana mkutano. Na ni kweli kwamba anayemwimbia Mungu ana wajibu wa kuimba vizuri. Laiti katibu angesema mojawapo ya hayo, ningerudi nyumbani nikalala. Yeye hakusema mama haimbi vizuri. Alisema mama hana haki ya kuuliza.

Hoja yake imesimama juu ya wazo moja: pasipo na mshahara hapana deni. Nami nashangaa mtu wa Upareni anawezaje kulisema hilo bila kuona aibu. Akifiwa katibu kesho, nani atachimba kaburi? Vijana wa mtaani, bure. Nani atapika, atakesha, ataimba? Wote bure. Na akifiwa mmoja wa wachimbaji, katibu akabaki nyumbani anatazama mpira kwa sababu "wale walijitolea", atajionea mwenyewe kama pasipo na mshahara hapana deni. Kijiji kizima kitamfundisha falsafa bila kufungua kitabu.

Mimi naona kinyume chake. Ujira ndio unaofunga hesabu. Wale mabinti wa mjini waliimba, wakahesabiwa fedha zao, wakapanda basi. Hawatudai nasi hatuwadai. Aliyetoa bure ndiye ambaye hesabu yake haijafungwa. Kutokulipwa kwake ndiko kunakoendeleza deni, na katibu amekugeuza kuwa ushahidi kwamba deni halipo. Mfanyakazi wa ndani akinyimwa mshahara hatusemi, "Basi, kwa kuwa hujalipwa, huna unachodai." Tofauti ni kwamba mama hakutaka fedha. Lakini kutotaka fedha si kutotaka chochote.

Tena hoja yenyewe hutumiwa upande mmoja tu. Kwaya yetu ina katiba. Ukichelewa mazoezi, faini. Ukikosa mazoezi mara tatu bila taarifa, unasimamishwa. Sare utaipata wapi, shauri lako, lakini siku ya tamasha usionekane bila sare. Ukitaka kusafiri unaomba ruhusa, na binti akipata mimba kabla ya ndoa anatengwa, huku kijana aliyempa mimba akiendelea kupiga gitaa la besi. Hakuna hata siku moja ambapo mtu alisimama akasema: "Mwacheni, huyu hakuajiriwa." Siku ya kuchelewa wewe ni mwajiriwa. Siku ya kuuliza ndipo unakuwa mtu wa kujitolea.

Atajibu, na amekwisha kujibu, kwamba mtu wa hiari ana mlango: asiporidhika, aondoke. Mlango upi? Mjini Same labda, au Dar es Salaam, ambako ukikosana na kwaya hii unavuka barabara unajiunga na nyingine. Huku kwetu kwaya ndiyo iliyokuimbia siku ya ndoa yako, ndiyo iliyokesha kwako mumeo alipofariki, na ndiyo itakayokuimbia siku yako ya kuzikwa. Kwenye mazoezi ya Jumatano ndiko habari zinakosikika, nani mgonjwa, nani mwanawe amefaulu, nani hajala. Kumwambia mjane wa kijijini kwamba yuko huru kuondoka kwaya ni kumwambia yuko huru kuhama mlima.

Halafu lipo jibu lao la mwisho, linalonichoma kuliko yote: thawabu yako iko mbinguni. Silidharau, nami naitumaini. Lakini nimetambua kwamba kwaya inajua kupanga wadai wake. Studio inalipwa hapa duniani, kwa risiti. Mpiga picha wa video anachukua nusu kabla ya kuwasha kamera. Mwenye Coaster hapokei ahadi. Ni mama peke yake ambaye hesabu yake imehamishiwa mbinguni, na waliomhamishia hawakumwomba ridhaa.

Sasa, anadai nini hasa? Hapa ndipo naanza kupapasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwimbaji hata kama si yeye aliyetunga wimbo: sauti yake ikirekodiwa, ana haki ndani ya rekodi hiyo. Ni sheria njema, lakini haimfikii mama, kwa sababu yeye hakurekodiwa. Aliyenyimwa nafasi ya kurekodi hana rekodi ya kudai. Aristotle naye aliandika kwamba filimbi zilizo bora wapewe wapigaji bora, si watu wa ukoo mkubwa, na mwalimu wetu angempenda sana. Amartya Sen, Mhindi aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, aliirudia filimbi hiyo katika kitabu chake cha 2009 juu ya haki, akaweka watoto watatu wanaoigombania: mmoja anajua kuipiga, mwingine ni maskini asiye na kitu kingine cha kuchezea, na wa tatu ndiye aliyeitengeneza. Kila mmoja ana hoja, na Sen hakatai hata moja. Nikiitazama kwaya yetu, mabinti wa kukodi ni yule anayejua kupiga. Mama ni yule aliyeitengeneza. Maana kwaya si orodha ya majina kwenye kasha la DVD. Imejengwa Jumatano kwa Jumatano, kwa taa ya chemli enzi zile, na watu waliojifunza do-re-mi ubaoni huku mikono ikinuka jembe.

Na sauti ya pili ina tabia yake. Soprano anasikika na bibi aliyekaa mlangoni. Besi tunasikika kwa sababu ya majivuno. Sauti ya pili hukaa katikati, mara nyingi kwenye noti ileile moja vipimo vizima, huku wenzake wakipanda na kushuka. Hakuna anayerudi nyumbani akiiimba chinichini. Itoe, na wimbo unabaki na paa na msingi bila kuta. Mtu aliyekubali kazi hiyo miaka yote amezoea kutosikika, na sijui kama ni haki kumzidishia.

Ili nioneshe kazi ya bure inavyoweza kuzaa haki ya kuuliza, nataka kuzungumzia ndiva, na msomaji asiyependa kilimo anivumilie.

Ukishuka kutoka Vudee kuelekea Bangalala, kwenye miteremko inayotazama Makanya, utaona mabwawa madogo ya mawe na udongo ambayo Wapare wameyajenga tangu zamani. Hizo ndizo ndiva. Usiku maji ya kijito yanaelekezwa kwenye mfongo, yanaingia ndivani, tundu la kutokea limezibwa. Alfajiri linazibuliwa, maji yanashuka shambani kwa zamu. Huko chini tambarare mvua ni haba na ukame hauna huruma, kwa hiyo zamu ya maji ni zamu ya kula. Na mfongo hauna mshahara. Unachimbwa na kuzibuliwa kwa msaragambo: mbiu inapigwa, kila kaya inatoa mtu na jembe. Asiyefika hutozwa faini au hunyimwa zamu. Aliyefika hapewi hata senti, ila hakuna mgawa maji atakayethubutu kumwambia, "Wewe ulijitolea, usiulize maji." Jasho la bure ndilo lililompa sauti pale bwawani. Anauliza maji yamepita wapi, nani kajiongezea, na anajibiwa.

Wala sitaki kupamba. Msaragambo ulitumika pia kuwatoa watu jasho kwa barabara za wakubwa, na hapo hiari ilikuwa jina tu. Wapare wanajua tofauti hiyo vizuri. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni pamoja na machifu walileta kodi ya mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same, kwenye makao ya wilaya, na baadaye kule Usangi wanawake nao wakaingia kwenye mapambano. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Pare mwenyewe, aliandika kijitabu kizima juu ya Mbiru mwaka 1971. Kinachonivutia ni kwamba hawakukataa kutoa. Kodi ya kawaida walikuwa tayari kulipa. Walichokataa ni kupimwa mmoja mmoja kwa mizani ambayo hawakuiona ikitengenezwa, na wakadiriaji ambao hawawezi kuulizwa. Hatimaye kodi ile ikaondolewa.

Nimefika mbali na kwaya, najua. Ila kila nikifikiria ule usaili kando ya kinanda, namwona mkadiriaji.

Nikirudi, nakuta swali limeniongezekea uzito badala ya kupungua. Tuseme nimeshinda, na kila aliyetumikia kwa muda mrefu ana haki ya kusimama. Mpaka lini? Je, asimame hata akiwa hasikii tena ufunguo unaotolewa? Vijana wetu wanakwenda Moshi na Dar, wanarudi na masikio yaliyozoea studio. Wakiona safu ya kwanza na ya pili ni ya watetemekaji, watakaa nje na simu zao, na baada ya miaka kumi hakutakuwa na kwaya ya kugombania. Mfongo nao una kanuni ngumu: ukishindwa kabisa kushika jembe, kaya inatuma mwingine. Lakini sauti haitumwi. Mama hawezi kumtuma mjukuu akaimbe kwa niaba yake na mambo yakabaki yaleyale.

Tena nani hasa anadaiwa? Waliofaidi sauti yake ilipokuwa nzima, wengi wako makaburini, na wengine wako Dar. Kamati ya sasa ina vijana ambao wakati huo walikuwa wanasinzia mgongoni mwa mama zao kanisani. Je, deni linarithiwa na jina la kwaya, kama mfongo unavyorithiwa pamoja na wajibu wa kuuzibua? Naelekea kusema ndiyo, lakini nikiulizwa kwa nini, nitaishia kutaja ndiva tena, na hiyo si hoja.

Ninachoweza kukisimamia ni kidogo. Anayetoa bure anastahili walau kuulizwa kabla, kuambiwa uso kwa uso, na kujibiwa anapouliza. Hizo gharama haziathiri bajeti ya studio hata shilingi. Kama baada ya hapo kwaya ikaamua mama asirekodi, nitaumia, lakini sitaita dhuluma. Au pengine nitaita; bado sijui.

Wewe unayesoma hapa na ni mwanakwaya, iwe ni kwa Walutheri, Wakatoliki au Wasabato, omba katiba ya kwaya yenu uisome. Nina hakika utakuta kifungu cha faini ya kuchelewa. Tafuta na kile kinachoeleza mwimbaji wa muda mrefu anapumzishwaje, nani anamwambia, na ana haki gani ya kuuliza. Yetu haina. Mkutano mkuu wa kwaya ni Desemba, na hoja ya kukiongeza nimeshaipeleka kwa katibu, kwa maandishi, nakala kwa mchungaji.