Nani Aliyetangulia? Haki katika Foleni ya Seva

Katika falsafa ya haki, kanuni ya kumhudumia kwanza aliyetangulia kufika huonekana nyepesi kuliko zote, kwa kuwa haimdai mtoa huduma ajue cheo, ukoo wala shida ya mtu, bali nani alifika kabla ya nani. Seva zinazochakata mkondo wa data, yaani taarifa zinazomiminika mfululizo bila kikomo, huifuata kanuni hiyo hiyo, nazo ndizo zinazofichua ugumu wake.

Katika Apache Kafka, programu ya seva za namna hiyo iliyozaliwa katika kampuni ya LinkedIn na kutolewa kwa umma mwaka 2011, mpangilio wa awali huwa na nyuzi 3 za kupokea maombi kutoka mtandaoni, uzi ukiwa ni mfuatano wa maagizo unaotekelezwa sambamba na mingine. Nyuzi hizo huyapanga maombi katika foleni isiyozidi 500, na nyuzi 8 nyingine huyachukua na kuyatekeleza. Foleni ikijaa, upokeaji husimama na anayebisha hodi hungoja nje. Maombi yanayopita katika muunganisho mmoja hushughulikiwa kwa utaratibu yalivyotumwa, lakini kuhusu wateja wawili seva haiahidi lolote, kwani ombi lililotumwa mapema laweza kukawia njiani.

Ukimya huo si uzembe wa mafundi. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport, akichota katika nadharia ya Einstein kuhusu wakati, alieleza kwamba kompyuta zilizotawanyika huweza kusema kwa yakini kuwa tukio moja limetangulia jingine pale tu ambapo yote mawili yamefuatana mahali pamoja, au yameunganishwa na ujumbe uliotoka kwa la kwanza ukafika kwa la pili, moja kwa moja au kupitia matukio ya kati. Pasipo kiungo hicho, swali la nani aliyetangulia halina jibu ndani ya mfumo. Foleni haiugundui utangulizi, inautunga.

Na inautunga kwa upendeleo, maana mteja aliye karibu na seva hufika mbele ya aliye mbali hata wakituma pamoja, na ukaribu huo mara nyingi hununuliwa. Kafka huruhusu msimamizi kumwekea kila mteja ukomo wa matumizi, ili mmoja asizihodhi nyuzi zote. Lakini ili ukomo huo ufanye kazi, ni lazima seva imtambue mteja ni nani, jambo lile lile ambalo kanuni ya foleni ilijivunia kutolihitaji.