Vipimo Viwili Visivyopatana



Siku hizi watu wengi hurudi kutoka hospitali wakiwa na karatasi mbili: moja yasema ugonjwa upo, ya pili yasema haupo. Hapo moyo hufadhaika, na mtu huuliza, "Ni ipi iliyosema uongo?" Tena, kwa kuwa mwinjilisti ni mtu ajuaye kusoma, mara nyingi karatasi hizo huletwa kwake aamue. Yafaa basi tulitafakari jambo hili, maana si la madaktari peke yao. Ni swali la jinsi mtu apaswavyo kuipokea kweli.

Kwanza tujue kwamba kila kipimo huulizwa neno moja, nacho hujibu neno hilo tu. Tutwae mfano wa malaria. Mpimaji atazamaye damu kwa hadubini hutafuta vijidudu vyenyewe, vile alivyoviona Laveran, daktari Mfaransa, huko Algeria mwaka 1880. Lakini vipimo vya haraka vitumikavyo sana havitafuti vijidudu. Hutafuta protini ambayo vijidudu huiacha katika damu. Mtoto akinywa dawa akapona, vijidudu hufa upesi, walakini protini ile yaweza kukaa majuma kadhaa. Akipimwa siku hizo, kipimo cha haraka husema, "Ipo," na hadubini husema, "Haipo." Je, kimoja ni kiongo? La. Kimoja kimeulizwa, "Mwizi yumo nyumbani?" Cha pili kimeulizwa, "Nyayo zake zaonekana?" Vyote viwili vimejibu sawasawa. Hatari ni kuzidhania nyayo kuwa ndizo mwizi. Kwa maana mtoto yule aweza kupewa tena dawa ya malaria, hali homa yake ya leo yatoka katika mapafu, wala hakuna aliyeyaangalia.

Pili, hata kipimo kizuri hukosea. Tuseme watu 1,000 wamepimwa, na wenye ugonjwa ni 10 tu. Nacho kipimo hukosea mara 1 katika 100. Wale 10 watatambuliwa karibu wote. Lakini katika wazima 990, watu kama 10 watahesabiwa wagonjwa bure. Basi walioambiwa "unao" ni kama 20, na nusu yao hawanao! Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu asiambiwe ana virusi vya UKIMWI mpaka vipimo vitatu vilivyofuatana vionyeshe hivyo. Tena, aliyeambukizwa karibuni aweza kuonekana hana, kwa kuwa mwili haujatengeneza bado kinga itafutwayo na kipimo. Naye hupaswa kupimwa tena baadaye. Mume amfukuzaye mkewe kwa karatasi ya kwanza amekata hukumu kabla mashahidi hawajamaliza kusema.

Tatu, shida iliyo kubwa zaidi haimo katika maabara, bali imo mioyoni mwetu. Mwenye hofu huishika karatasi mbaya. Mwenye tamaa ya kupona huishika ile nzuri, na nyingine huificha sandukuni. Akienda hospitali ya pili hasemi kwamba alipimwa kwingine, wala kwamba alikwisha kunywa dawa. Hivyo daktari hupewa nusu ya habari, kisha hulaumiwa kwa jibu la nusu.

Wengine husema, "Ikiwa wenyewe hawapatani, heri tumwendee yule asiyesita kamwe." Lakini kutosita si alama ya kujua. Asemaye, "Sijui bado, tupime tena," amesema kweli kwa kadiri aliyoipata. Naye asemaye kwa uhakika asiokuwa nao amedanganya, hata kama neno lake likitokea kuwa sawa.

Basi, mwenye karatasi mbili azichukue zote mbili kwa daktari mmoja, zikiwa na tarehe zake, amweleze na dawa zote alizokunywa. Aulize: Kipimo hiki kilitafuta nini? Kile nacho? Kipi kitatuamulia? Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Walakini kungoja kuna mpaka: mtoto mwenye degedege, au apumuaye kwa shida, au asiyeweza kunyonya wala kunywa, apelekwe hospitali saa ile ile, karatasi zipatane au zisipatane.

Nawe mwinjilisti, usiwe hakimu wa karatasi usizofundishwa kuzisoma. Msaada wako ni kuondoka na mtu huyo, kurudi naye kwa daktari, na kuketi naye mlangoni hata jibu lipatikane.