Kivuli Kilichozuiliwa: Mpiga Picha, Kamera Yake na Chanzo cha Ilhamu

Swali la mpiga picha anayeanza, yaani anunue kamera ipi na lenzi ipi, kwa kawaida hujibiwa kwa bei, kwa idadi ya pikseli na kwa sifa za kampuni iliyoiunda, ilhali ndani yake mna swali jingine ambalo wanazuoni wa dini wamelijadili kwa uzito kuliko wauzaji: picha inapotokea, ni nani hasa aliyeifanya? Ikiwa ni kamera, basi mwenye kamera bora ndiye mpiga picha bora, na ilhamu, yaani msukumo wa ndani unaomwezesha mtu kuliona jambo ambalo wengine wamelipita, inabaki na kazi ndogo. Ikiwa ni mtu, kifaa kinashuka daraja, lakini mtu huyo naye anabeba dhamana ya kila alichokionyesha na ya kila aliyemwonyesha. Wapiga picha wengi hujichukulia sifa kwa jibu la pili na kukwepa lawama kwa jibu la kwanza, jambo ambalo hoja zenyewe, zikifuatwa hadi mwisho, haziliruhusu.

Katika fiqhi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, mjadala huu unaanzia kwenye hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, ambazo zinawaonya kwa adhabu kali watengenezaji wa sura za viumbe wenye roho, na kueleza kwamba Siku ya Kiyama watatakiwa kuvitia uhai walivyoviunda. Sababu inayotajwa sana na wanazuoni ni kujifananisha na Mwenyezi Mungu katika uumbaji, kwa kuwa Al-Musawwir, Mwenye kutia sura, ni miongoni mwa majina yake yaliyotajwa mwishoni mwa Sura ya Al-Hashr. Sahaba Ibn Abbas, alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza sura, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho, na kwa kufanya hivyo alionyesha kwamba tatizo halikuwa ufundi wenyewe.

Picha ya kamera iliyatatiza mambo hayo, kwa kuwa mkono wa mtu haukuchora kitu. Njia ya Mfaransa Daguerre ya kuifanya nuru iache alama kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha ilitangazwa mjini Paris mwaka 1839, na miaka michache baadaye Mwingereza William Henry Fox Talbot, aliyetoa kitabu chake The Pencil of Nature kwa sehemu sehemu kati ya 1844 na 1846, aliwaarifu wasomaji kwamba picha walizozishika zilifanywa na nuru peke yake pasipo msaada wa kalamu ya msanii. Zaidi ya nusu karne baadaye Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, alifika karibu na hapo hapo kwa njia ya fiqhi: katika risala yake ya kuihalalisha picha ya kamera alieleza kwamba mpiga picha haumbi sura yoyote, bali anakizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa, mithili ya kioo ambacho uso umejionyesha ndani yake kisha ukanyimwa ruhusa ya kuondoka. Hoja hiyo inaafikiana na elimu ya nuru ambayo Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, aliieleza katika Kitab al-Manazir, kwamba jicho huona kwa kupokea nuru inayotoka kwenye vitu na si kwa kurusha miale yake lenyewe.

Sheikh Muhammad ibn Uthaymin wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 2001, aliongeza mfano ulio mwepesi kueleweka: barua iliyoandikwa kwa mkono ikipitishwa kwenye mashine ya fotokopi, mwandiko unaotoka ni wa yule aliyeiandika barua, wala hauwi wa aliyebonyeza kitufe, vivyo hivyo sura iliyomo katika picha ni ya Muumba wake. Hakuishia hapo, maana alishikilia kwamba hukumu ya picha inaendelea kufuata lengo la kupigwa kwake. Upande wa pili alisimama Sheikh Nasiruddin al-Albani, aliyefariki mwaka 1999, ambaye aliona kwamba kuutenga mkono na mashine ni kushikamana na maneno na kuiacha maana, kwa kuwa juhudi za kuiunda mashine, kuielekeza kwenye kitu na kuisafisha filamu ni kazi ya kutengeneza sura, hata kama imegawanywa kwa watu wengi na kufanywa mapema.

Insha haina mamlaka ya kutoa fatwa, na Waislamu wengi leo, ambao wana pasi za kusafiria na picha za arusi ukutani, wanaishi kwa mujibu wa rai ya Bakhit hata kama hawajalisikia jina lake. Lililo muhimu hapa ni matokeo ya kifalsafa ya rai hizo. Anayekubali kwamba amezuia kivuli tu, na kwamba mwandiko si wake, amejiondolea lawama ya kushindana na Muumba, lakini papo hapo amejivua haki ya kuitwa msanii, kwa sababu hakuna anayemsifu mwenye mashine ya fotokopi kwa uzuri wa barua. Na anayetaka sifa hana budi kuisikiliza hoja ya al-Albani, angalau katika sehemu yake inayosema kwamba uamuzi uliofanywa kabla ya kitufe kubonyezwa ni sehemu ya kitendo.

Kamera ya dijitali inaipa nguvu sehemu hiyo ya hoja kuliko filamu ilivyoipa. Kihisi, yaani kipande cha silikoni kinachokaa mahali pa filamu na kugeuza nuru kuwa umeme, hakioni rangi; kila kijitundu chake hupima wingi wa nuru tu. Ili rangi zipatikane, vijitundu hufunikwa kwa vichujio vidogo vilivyopangwa kwa utaratibu ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976, ambapo nusu ya vichujio ni vya kijani, robo ni vyekundu na robo ni vya buluu. Kwa hiyo kila nukta ya picha huwa imepimwa rangi moja kati ya tatu zinazohitajika, na mbili zilizobaki hukadiriwa na programu kwa kuangalia nukta za jirani, kiasi kwamba theluthi mbili za habari za rangi katika picha ya kawaida ni matokeo ya hesabu. Kivuli kimezuiliwa, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya rangi zake imejazwa na mhandisi ambaye hakuwapo.

Kipimanuru cha kamera nacho kina rai yake. Kifaa hicho, ambacho huamua nuru kiasi gani iingie, kimeundwa kwa dhana kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa yote pamoja, hutoa rangi ya kijivu inayoakisi takriban asilimia 18 ya nuru. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa akipigwa picha bila marekebisho, kamera itadhani nuru imezidi, itaipunguza, na kanzu itakuwa ya kijivu na uso kuzama gizani. Mama aliyevaa buibui jeusi akijaza fremu, kamera itaongeza nuru mpaka buibui lipauke na uso upoteze alama zake. Filamu za rangi za katikati ya karne ya 20 zilikuwa na kasoro ya jinsi hiyo, kwa kuwa maabara zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha za wanawake weupe, na ngozi nyeusi ikalipia gharama ya kipimo ambacho haikuhusishwa nacho. Mtu anayesema kwamba kamera haisemi uongo hajafikiria kwamba kamera ilifundishwa kusema na watu waliokuwa na nyuso fulani mbele yao.

Tangu hapo uchaguzi wa vifaa unakuwa uchaguzi wa maamuzi ambayo mpiga picha anakubali yafanywe kwa niaba yake. Kuhusu pikseli hakuna haja ya maneno mengi: kihisi cha pikseli milioni 24 kinatosha kuchapa picha safi ya upana wa sentimita 50, na wengi hawachapi kabisa. Ukubwa wa kihisi una uzito zaidi, kwa kuwa kile cha milimita 36 kwa 24, kipimo kilichorithiwa kutoka kamera ya filamu ya Leica iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, hukusanya nuru nyingi kuliko vihisi vidogo na hivyo husaidia sana ukumbini usiku, ingawa mchana wa jua kali tofauti hiyo haionekani kwa urahisi. Lakini ni lenzi inayogusa maadili. Lenzi ya milimita 35 humlazimisha mpiga picha kumsogelea mtu hadi aonekane, asalimiwe na pengine akataliwe, ilhali lenzi ya milimita 200 humwezesha kuuchukua uso kutoka ng'ambo ya barabara bila mwenyewe kujua. Orodha za sifa za lenzi hutaja uzito na ukali wa picha, wala hazitaji jambo hilo.

Kuhusu ilhamu, mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika Ihya Ulum al-Din kisa ambacho kila muuza kamera angefaa kukisoma. Wachoraji wa Rum na wa China walishindana mbele ya mfalme, kila kundi likapewa upande wake wa ukumbi na pazia kati yao. Warumi wakakusanya rangi za ajabu zisizo na idadi, Wachina wakaingia bila rangi yoyote na wakaendelea kuusugua ukuta wao mpaka ukang'aa, na pazia lilipoondolewa michoro yote ya Warumi ilionekana kwenye ukuta wa Wachina kwa uzuri uliozidi. Al-Ghazali alitaka kueleza elimu inayopatikana kwa kujifunza na ile inayotiwa katika moyo uliosafishwa. Mpiga picha anayehangaika kununua lenzi ya tano angejifunza mengi kutoka kwa Wachina hao, ila kisa kina mpaka wake katika sanaa hii, kwa sababu ukuta uliosuguliwa hauchagui unaelekea wapi, na katika upigaji picha kuchagua mahali pa kusimama ndiyo nusu ya kazi.

Historia ya Henri Cartier-Bresson inaonyesha jinsi usafi wa jicho na kifaa vinavyokutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mfaransa huyo, aliyekuwa amejifunza uchoraji, aliiona picha ya Mhungaria Martin Munkácsi ya wavulana watatu Waafrika wakikimbilia majini, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, na baadaye alikiri kwamba ndiyo iliyomwonyesha kuwa kamera inaweza kuushika umilele ndani ya lahadha moja. Ilhamu ilimjia kwa kazi ya mwingine, wala si kwa kifaa. Lakini bila Leica, iliyoingia mkononi na kufanya kazi upesi, ilhamu hiyo isingekuwa na mahali pa kwenda, na Cartier-Bresson alibaki na lenzi ya milimita 50 kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Seydou Keïta wa Bamako, aliyepewa kamera ndogo ya Kodak Brownie na mzee wa ukoo wake mwaka 1935 na kufungua studio mwaka 1948, alifikia ubora wake kwa njia ya ufinyu: kwa sababu ya gharama ya filamu aghalabu alimpiga mteja picha moja tu, kwa nuru ya jua na kitambaa cha nyuma, na kwa hiyo umakini wake wote ulikwenda kwenye mkao wa mikono, mwelekeo wa kichwa na mkunjo wa nguo kabla ya kitufe kuguswa. Mwenye kadi inayobeba picha elfu mbili ana uhuru ambao Keïta hakuwa nao, na si kila mara uhuru huo humnufaisha, kwani hukumu ambayo Keïta aliifanya mbele ya mteja yeye huiahirisha mpaka mbele ya kompyuta, mteja akiwa ameshaondoka.

Katika Pwani ya Afrika Mashariki mambo haya yamekuwa na sura yake. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha wa pwani hiyo jinsi watu wa Lamu na Mombasa walivyoikubali kamera huku wakiendelea kubishana juu ya nani anastahili kuonekana na nani. Katika studio ya Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, vipande vya picha vilikatwa na kuunganishwa kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kudai kuwa ni kivuli tu kilichozuiliwa. Na katika baadhi ya sherehe za arusi za wanawake simu huzuiwa mlangoni, hatua ambayo wageni wa nje huiita ushamba, ingawa inashughulikia jambo ambalo hoja ya Bakhit ya kioo haikulishughulikia: kioo hakimpelekei sura ya bibi arusi mtu asiyekuwapo. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zina shata ya kielektroniki, yaani namna ya kuchukua picha bila pazia kusogea wala kutoa sauti, na sifa hiyo hutangazwa kuwa msaada msikitini, kanisani na mazishini. Ni msaada kweli kwa waliokusanyika wasisumbuliwe. Lakini mlio ule wa zamani ulikuwa pia taarifa kwa mwenye uso kwamba amechukuliwa, na mwenye kuuzima ameondoa taarifa hiyo. Kwa kigezo cha Ibn Uthaymin ataulizwa aliizima kwa lengo gani.

Simu zimelifikisha suala hili mahali ambapo hoja ya Bakhit haina pa kushika. Mwaka 2023 ulizuka mjadala kuhusu simu ambazo, zikielekezwa kwenye mwezi, huongeza alama za uso wa mwezi ambazo lenzi yenyewe haikuziona, kwa kuwa programu imefundishwa mwezi unavyotakiwa kuonekana. Hapo hakuna kivuli kilichozuiliwa, kuna sura iliyoundwa, na kwa mwezi suala ni jepesi, maana mwezi hauna roho na rai ya Ibn Abbas inauruhusu hata uchorwe. Baadhi ya simu, zikielekezwa kwenye uso wa mtu, hulainisha ngozi na kung'arisha macho bila kuombwa, na mwenye simu, ambaye mara nyingi hajui kwamba chaguo hilo limewashwa tangu kiwandani, amekuwa mtengeneza sura kwa maana ile ile iliyokuwa ikijadiliwa kabla ya kamera kuwapo.