Fegi na Msuli

Rafiki yangu mmoja, mtoto wa Maswa kama mimi, huapa kwamba bila fegi hawezi kupiga msuli. Eti moshi humfungua akili. Nami nauliza: nani aliifunga? Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, ikamtuliza. Baada ya saa mbili, katikati ya mtihani wa saa tatu, kiu hiyo imerudi na swali la nne halijaguswa.

“Mwili ni wangu,” hunijibu. Sawa, bwana. Sheria ya tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na yeye ni mtu mzima. Lakini bumu likiisha, hununua moja moja kwa hela ya pamba ya baba yake, na mzee anajua ile ni hela ya vitabu.