Maji Yaliyovuja

Fundi bomba alipochimba nyuma ya ukumbi wetu wa kijamii, huku njia ya kupanda Ilboru, alitoa kipande cha bomba la chuma kilicholiwa na kutu hadi kikawa kama chujio. "Hili limeanza kuvuja kabla hujazaliwa, katibu," akaniambia huku akicheka. Mimi nilikuwa napiga picha za kuambatanisha kwenye taarifa ya kamati, nimeridhika kama mtu aliyekamata mwizi.

Fedha za ukarabati tulizichanga kwa muda mrefu. Wajumbe wengine walitaka kiyoyozi kwanza, ili ukumbi uvutie maharusi wenye hela. Kiyoyozi, Arusha! Mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, ambako mwezi wa saba bibi harusi hutetemeka ndani ya shela. Wengine wakapendekeza hita ya maji jikoni. Mabomba yakashinda kwa sababu ya bili: kila mwezi tulilipia maji ambayo hayakutumiwa na mtu. Ndivyo tulivyoandika kwenye muhtasari wa kikao.

Kumbe mtumiaji alikuwepo. Siku ya pili ya kazi alikuja mama mmoja, akasimama pembeni ya mtaro, kanga kiunoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mnafunga lini?"

Bustani yake ya mchicha na mnafu iko chini ya ukuta wetu, mahali ambapo udongo una unyevu hata Septemba. Imemsomeshea watoto. Maji ya huku yana madini mengi ya floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, ndiyo yaliyoyafanya meno ya wengi wetu yawe ya kahawia, lakini mboga zake hazikuwahi kulalamika. Na mimi nimezila miaka yote bila kujiuliza kwa nini hazikosekani kiangazi.

Nikamwambia nitalifikisha suala lake kwenye kamati, huenda tukamfungia koki yake, kama msaada. Uso ukambadilika.

"Sikuja kuomba," akasema. "Nimekuja kuuliza mnafunga lini, nivune mapema."

Kauli hiyo imenikaa. Kwa miaka yote hiyo, kila harusi iliyokodi ukumbi ilimwagilia bustani yake bila kujua. Hakuna aliyetoa, kwa hiyo hakuna aliyepaswa kushukuriwa, na mama hakulazimika kumnyenyekea mtu. Tulipoyagundua maji ndipo yakageuka, ama wizi ama hisani, na vyote viwili vinamshusha. Je, kujua kwetu kumempunguzia kitu alichokuwa nacho kwa halali tulipokuwa hatujui? Mwanasheria atasema hakuwa na haki yoyote. Mimi nimesomea uhasibu, kwenye vitabu vyangu yale maji yanaitwa upotevu, na sikuwahi kujiuliza yanapotelea kwa nani.

Upande wa pili nao siutupi. Katika ukumbi wa Kaloleni, ambao leo ni makumbusho, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 ikapitisha Azimio la Arusha. Mwaka 1971 serikali ikaanza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji safi ndani ya mita 400, bila kulipia. Wazo hilo nalipenda hadi leo. Lakini pampu ziliharibika, fedha za kuzitengeneza hazikutosha, na sera ya maji ya 1991 ikaleta habari ya wananchi kuchangia. Maji ya bure yana anayeyalipia. Kwetu walikuwa maharusi.

Wakulima wa miteremko ya Meru wana utaratibu mwingine, wa mifereji. Anayekwenda kuzibua mfereji siku ya kazi hupata maji zamu yake ikifika, asiyekwenda hutozwa. Hapo hakuna hisani. Nikamuuliza mama kama angekubali kitu cha namna hiyo: asafishe mtaro wetu wa maji ya mvua, naye apate zamu mara mbili kwa wiki.

Akafikiri kidogo. "Na ninyi wa kamati mtasafisha nini?"

Sikuwa na jibu, na kamati inakaa Jumamosi. Jana fundi alilaza bomba jipya la plastiki, akaniuliza kabla ya kufukia: aweke tii upande wa ukutani, au apitishe bomba moja kwa moja? Nikamwambia aweke, aizibe kwa plagi. Haimo kwenye bajeti, nimeilipia mwenyewe. Ng'ambo ya ukuta mama alikuwa aking'oa mchicha ambao haujakomaa, akiufunga mafungu. Nilinunua mawili.