Asogee Nani?

Wawili waliofungwa pamoja wasipolingana, asogee nani? Wahenga walitujibu kwamba subira yavuta heri, nasi tukalipokea jibu hilo bila kuuliza subira ni ya nani, na heri ni ya nani.

Swali hili lilinirudia nikiwa mbali na bahari yetu. Nilikuwa nimetoka Ruanda, Mbinga, nikateremka milima ya kahawa hadi Mbamba Bay, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Hapo palikuwa na boti ya mbao iliyotetemeka kila injini ilipowashwa. Beringi ya shafti ilikwisha kubadilishwa mara tatu, na mara zote tatu maji yalirudi kuingia ngamani kwa upande wa tezi.

"Beringi haina kosa," aliniambia fundi. "Inaumia kwa kosa la wengine."

Alifungua kiungo kinachoshikanisha injini na shafti ya rafadha, akazikaribisha sahani zake mbili, kisha akapitisha kibati chembamba cha kupimia juu, chini, kushoto na kulia. Kwa sahani yenye kipenyo cha milimita 100, mafundi hawapendi tofauti ya nafasi ipite milimita 0.1, yaani unene wa karatasi. Alipima boti ikielea, si ikiwa juu ya magogo ufukweni, kwani chombo kikishuka majini na kubeba shehena, umbo lake hubadilika kidogo. Kilichonyooka nchi kavu huenda kisinyooke huko.

Nikamwuliza kwa nini asiivute shafti, nayo ndiyo nyepesi.

"Mzee wangu, shafti hufuata tundu lililotobolewa katika mwili wa chombo. Ukiilazimisha, itapinda. Injini imefungwa kwa bolti, na bolti hulegezwa."

Akalegeza, akaisogeza ile nzito.

Nikamkumbuka binti yangu. Mara tatu nilimrudisha kwa mumewe kwa neno lile lile, subira. Mara tatu niliwasikiliza barazani kwangu, wamevaa vizuri, sauti zao za chini, kila mmoja amenyooka. Nilipima nchi kavu. Tena niliyemtaka asogee ni yule asiye na pa kusogea.

Sisemi kwamba subira si fadhila. Wapo mafundi wanaotia kiungo cha mpira baina ya injini na shafti. Hupunguza mtetemo, lakini hakinyooshi kilichopotoka. Kikitegemewa peke yake, hulificha kosa mpaka beringi iishe tena. Subira ya mnyonge tumeitumia hivyo, kisha tukausifu ukimya wa nyumba.

Uendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani. Niliporejea kisiwani sikuwaita barazani. Nilikwenda mimi kwao, nikalala siku nne, nikaona jiko likiwashwa na wadai wakibisha hodi. Siku ya tano nilianza kuzungumza na mwanamume.